Udongo Mtamu wa Uani

Nyumbani, nyuma ya karakana ya zamani,
14 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Natumaini sasa unapanda ngazi bila kulitukana. Sisi tunapumua. Mama ana mafua, lakini sauti ya kutuamsha bado anayo.

Mtihani wa mwisho nilimaliza salama. Sasa niko nyumbani namsaidia wifi, maana ujauzito wake umekuwa mkubwa na kaka bado yuko safarini na lori.

Unakikumbuka kile kiwanja walipokuwa wakiyeyusha betri za magari? Mwenyewe amempa Baba akilime. Mboga zimestawi hadi majirani wananuna. Lakini tangu nianze kulima pale sijakuta nyungunyungu hata mmoja, wala mchwa, wala siafu. Kuku wakifika mpakani hugeuka wenyewe.

Mwezi uliopita vijana wa ofisi ya ardhi walikuja kupima. Walisema udongo umejaa madini ya risasi, usilimwe, wakasimika kibao. Baba aliking'oa, sasa ni mlango wa banda la kuku. "Ingekuwa sumu si mboga zingekauka?" aliwauliza. Hakungoja jibu, akajihesabu mshindi.

Shangazi, kinachoninyima usingizi ni wifi. Ana hamu ya udongo kama wajawazito wengi, na wa dukani hautaki tena. Anachimba kwa kijiko palepale ilipokuwa tanuri ya betri. Juzi nilimkuta amechuchumaa, midomo myeusi, akanicheka: "Wee mwoga, hebu onja!" Nikagusa kwa ncha ya ulimi. Ni mtamu kweli. Nilisukutua mpaka maji ya ndoo yakaisha, utamu ukabaki.

Sasa ufizi wake una mstari wa buluu, mwembamba kama uzi. Tumbo linamsokota. Jana aliniuliza mumewe anaitwa nani, kisha akacheka kana kwamba alikuwa ananitania.

Nimejaribu kumwambia Baba, lakini unanijua, naishia kumuuliza kama ameshakunywa chai. Wewe ni dada yake mkubwa, hawezi kukukatalia. Tafadhali mpigie, umwambie unamtaka wifi akae kwako mpaka ajifungue. Udongo usiutaje, atabisha. Akifika tu, mpeleke hospitali wakampime damu.

Wifi mwenyewe amekubali kuja, tena kwa furaha. Ameshaanza kufunga mizigo. Wasalimie binamu zangu wote, hasa yule mdogo anayeogopa mvua. Mungu akutunze wewe na nyumba yako.

Jambo moja, Shangazi. Leo nilipousogeza mfuko wake ulinilemea. Katikati ya nguo za mtoto kulikuwa na kopo limeshindiliwa udongo. Nililimwaga. Nilipomaliza kufua nikalikuta limejaa tena, na wifi amekaa kando yake akiimba polepole, mkono juu ya tumbo. Usimkaribishe ndani kabla hujampekua.

Ni mimi binti wa kaka yako, ninayekupenda na kukutegemea,
Kimya