Uzito wa Kiboko

Jumatatu, 3 Machi

Ukungu tena. Asubuhi ziwa halikuwepo. Palikuwa na weupe tu, na ndani ya weupe sauti: bata, mtu akikohoa kwenye mtumbwi, kiboko akishusha pumzi. Nilipiga magoti kwenye tope, nikalaza fremu yangu ya mbao, nikaandika kila mmea uliokuwa ndani yake. Mimi ni mtu wa mimea. Gasper, mwenzangu wa ndege, alisimama pembeni na darubini isiyoona kitu. Leo alifanya kazi kwa masikio.

Niiandike kazi yenyewe, nisije nikaisahau katikati ya majina ya nyasi. Tunapima pande mbili za Ziwa Babati. Upande wa Bonga, mafunjo mazito. Upande wa mjini, tope wazi na maji ya kina kifupi. Upande mmoja utahifadhiwa. Wa pili utafunguliwa kwa bustani na pampu za maji. Mradi unataka kila upande upewe alama moja, ya utajiri wa viumbe wake. Wenye alama kubwa utaachwa ulivyo.

Ndani ya ukungu kila kitu kinaonekana rahisi.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Mama Josefina, mwenye nyumba wangu hapa Maisaka, alitoka kanisani alfajiri na msalaba wa majivu kwenye paji la uso, akaenda nao shuleni kufundisha hesabu. Jioni tulikunywa chai uani. Akaniuliza huko ziwani nahesabu nini hasa.

Nikamweleza kwa furaha. Mimea, ndege, vyura, samaki.

"Na viboko?"

Nikasema ndiyo, viboko nadhani watapata alama nyingi kuliko wote.

Akainuka, akakusanya vikombe. Changu kilikuwa bado kimejaa.

Alhamisi, 6 Machi

Gasper ameniambia. Yeye yuko Babati miaka mingi, alidhani najua. Baba Josefina aliuawa na kiboko shambani kwake, kando ya ziwa, alipokwenda kuangalia mahindi. Misimu miwili ya mvua iliyopita.

Nimeishi nyumba ile tangu Januari. Kila siku napita mbele ya picha yake sebuleni. Nilidhani anafanya kazi mkoa mwingine. Sikuuliza.

Naona aibu.

Ijumaa, 7 Machi

Siku nzima ofisini. Dokta, mkuu wa mradi wetu, alileta jedwali la uzito. Viumbe hawahesabiwi sawa. Ndege adimu, uzito mkubwa. Kiboko, mkubwa zaidi, kwa kuwa watalii wanampenda na dunia ina wasiwasi naye. Nyasi, kidogo. Vyura, kidogo. Uyoga haumo kabisa. Niliuliza ni nani aliyepanga.

"Wataalamu," Dokta akasema.

Wataalamu wa nini?

Akatabasamu. "Edina, kunywa chai."

Alipotoka, mimi na Gasper tulikaa mbele ya kompyuta tukachezea uzito. Gasper alilelewa na bibi yake huko Kilimanjaro, bibi aliyejua saa kwa milio ya ndege. Mimi nimekulia Bukoba, chini ya migomba inayodondosha maji, na kila nilichookota utotoni kilikuwa jani. Akiongeza uzito wa ndege, upande wa mjini unashinda. Nikiongeza uzito wa mimea, Bonga inashinda. Tukarudia tena na tena, tukicheka. Kisha tukaacha kucheka.

Ziwa halikusogea hata kidogo. Tulikuwa tunasogea sisi.

Jumapili, 9 Machi

Nililala mchana baada ya misa. Nikaota niko sokoni nyuma ya mizani ya nyanya. Watu wamepanga foleni, kila mmoja na kitu chake. Mmoja ameleta mlio wa chura. Mwingine harufu ya udongo uliopata mvua. Mwingine kivuli cha korongo, amekikunja vizuri kama shuka. Naviweka kwenye mizani, mshale hausogei. Wanasubiri kwa upole. Hakuna anayenilaumu, na hilo ndilo linaloniogopesha.

Nikaamka mvua inapiga bati. Kwa muda sikujua kama niko Babati au nyumbani.

Mama Josefina alikuwa ameniwekea chakula mezani, kimefunikwa. Tangu Jumatano hatujasemeshana zaidi ya shikamoo na marahaba.

Jumanne, 11 Machi

Mkutano wa wananchi, ukumbi wa kata. Niuandike wote kabla haujaniponyoka.

Tulitandika picha za viumbe mezani. Kila mtu akapewa punje za mahindi, aziweke juu ya kiumbe anachokiona cha maana. Wazo lilikuwa la Dokta, na lilikuwa zuri, nilimwambia hivyo. Wavuvi walimwaga zao kwa perege. Akina mama wasuka mikeka kwa mafunjo. Mzee mmoja aliweka punje moja kwa chura, akasema vyura wakinyamaza yeye hapati usingizi. Nilitamani kumkumbatia. Wakulima walipita picha ya kiboko kama mtu anavyopita mlango wa anayemdai. Kisha wakaja vijana wanaowapeleka wageni ziwani kwa mitumbwi. Wao wakamwaga viganja vizima hapo hapo. Punje zikaviringika mpaka sakafuni.

Mama Josefina aliingia akiwa amechelewa. Sikujua kama angekuja. Alikuwa na vumbi la chaki kwenye mkono wa gauni. Akapokea punje zake, akasimama mbele ya kiboko. Alisimama muda mrefu. Wengi ukumbini wanamfahamu.

"Picha ya kiboko naiona," akasema. "Picha ya mume wangu iko wapi?"

Dokta alitazama karatasi zake.

Kijana mmoja wa mitumbwi akasimama, kofia mkononi. "Mama, shikamoo. Pole sana. Lakini na sisi tunakula kwa hao viboko. Wakiondoka, tutakula nini?"

"Marahaba, mwanangu. Sijasema waondoke. Sijasema wauawe. Nasema, mkiandika kwamba ana thamani, andikeni na alichotuchukulia."

Kisha akaweka punje zake zote mezani, mahali pasipo na picha, kati ya picha ya kiboko na picha ya mahindi. Akatoka.

Nilimfuata nje. Nikamwambia pole, nimechelewa sana kusema. Nikamuuliza kwa nini aliziweka pale.

"Sikuwa na pa kuziweka," akasema. Akapanda bajaji.

Alhamisi, 13 Machi

Dokta ameagiza punje za Mama Josefina zifutwe. Anasema hazina kiumbe. Anataka alama mbili, moja kila upande, Jumatano ijayo. Nilimwambia alama mbili zitaonyesha tu nani alishika kompyuta siku hiyo. Akasema dunia nzima hufanya hivyo na maziwa yamepona kwa sababu hiyo. Hilo nalo ni kweli. Bila alama, pampu zitawekwa pande zote mbili na hakuna atakayeuliza. Ninajua.

Nina hasira, na sijui nimkasirikie nani. Nilikaa kwenye ngazi za ofisi nikitazama Mlima Kwaraa ukiingia mawinguni na kutoka. Kama mtu anayebadili nia.

Jumamosi, 15 Machi

Nimekwenda na Gasper kutembea ukingoni bila fremu, bila darubini. Mawingu yamekaa chini. Tulitembea kati ya mafunjo na mashamba, kwenye ukanda wa nyasi fupi ambao hatukuwahi kuupima. Kwenye ramani yetu umeandikwa shamba. Kwa wakulima ni ziwa. Kwa hiyo haukuwa wa mtu.

Nyasi zimekatwa sawasawa kwa midomo ya viboko. Maua madogo ya njano. Vipepeo wengi mpaka hewa ilikuwa inapepea. Gasper alinishika mkono ghafla: korongo wawili wenye taji, wanacheza. Tukachuchumaa. Nilisahau jina langu kwa muda.

Halafu tukafuata nyayo. Palipo na ukanda mpana, kiboko anatoka majini, anakula, anarudi. Hafiki kwenye mahindi. Palipolimwa mpaka majini, nyayo zinapita moja kwa moja katikati ya mistari ya mahindi. Tulirudia sehemu nyingi. Ilikuwa hivyo karibu kila mahali.

Shamba la Baba Josefina lililimwa mpaka majini. Gasper alinionyesha. Sasa limeota magugu.

Jumatatu, 17 Machi

Nilijadiliana na nafsi jana yote. Nimwambie, nisimwambie. Ukweli unaweza kusikika kama lawama kwa marehemu. Leo nimemwambia Mama Josefina habari za nyayo, akiwa anachambua mbaazi. Hakuacha kuchambua.

"Alilima mpaka majini kwa sababu jirani alilima mpaka majini," akasema. "Mvua ilikuwa haba. Ulitaka tufe njaa kwa adabu?"

Nikasema hapana, mama.

Akachambua mpaka ungo ukabaki safi. Ndipo akauliza kama kwenye taarifa yetu kuna nafasi ya watu waliokufa. Nikasema haipo.

"Basi itieni."

Baadaye nilimsikia chumbani akilia. Nilikaa sebuleni, karibu na picha, nikiwa sina la kufanya. Sikuweza kwenda kulala nikamwacha.

Jumatano, 19 Machi

Nimepeleka taarifa. Sikuweka alama moja. Nimeonyesha ziwa kama wavuvi walivyolipima, kama wasuka mikeka, kama wapenda ndege, kama wakulima, kama vijana wa mitumbwi. Kila mara ziwa jingine. Nimeandika wazi kwamba uzito wa mimea ni mkubwa pale nilipoupanga mimi, na kwa nini. Nimeweka ukanda wa nyasi kama sehemu ya tatu. Nimeweka watu waliojeruhiwa na waliouawa. Gasper amesaini pamoja nami.

Dokta alisoma yote mbele yangu. Akavua miwani.

"Wataniuliza upande upi, Edina. Hili ndilo swali watakaloniuliza. Nitawajibu nini?"

Nikasema awaambie inategemea wanataka kuishi na nini.

"Hilo si jibu la mtaalamu."

Aliamua hivi: alama zake mbili mbele, kazi yetu nyuma kama kiambatisho. Nimeshindwa, nadhani. Nimetembea kwa miguu mpaka nyumbani, manyunyu yakanilowesha kidogo kidogo, sikufungua mwavuli.

Ijumaa, 28 Machi

Kikao cha uamuzi. Alama za Dokta ziliupa ushindi upande wa mjini. Bonga ingefunguliwa. Mjumbe mmoja, mama kutoka kijiji cha Mutuka, alikuwa amesoma mpaka kiambatisho. Akauliza huo ukanda ni kitu gani, na mbona hao waliokufa wamewekwa mwisho. Dokta angeweza kulipita swali. Hakulipita. Alisimama, akaeleza ukanda vizuri kuliko ambavyo ningeweza mimi, nyayo, nyasi na yote. Nilimtazama kama mtu nisiyemjua.

Wameamua hivi: hakuna upande utakaofunguliwa msimu huu. Ukanda wa nyasi utaachwa kuzunguka ziwa, kwa majaribio, na kila mwenye shamba arudi nyuma kutoka majini.

Nilifurahi mpaka nilipotoka nje. Palikuwa na dada mwenye bustani ya bamia, aliyenipa maji ya kunywa mara nyingi nikiwa kwenye tope. Bustani yake yote iko ndani ya ukanda. Nimemsalimia. Amegeuza uso.

Ana haki. Yeye naye hakuwa na picha mezani.

Jumanne, 1 Aprili

Nimeomba kwa Dokta dada wa bamia apewe sehemu kwenye shamba la mradi, lililo nje ya ukanda. Amesema atajaribu. Nimerudi kwa dada mwenyewe kumweleza. Hakunikaribisha kukaa. Alisikiliza akiwa amesimama, akasema, "Tutaona." Sina usingizi mzuri.

Jumapili, 13 Aprili

Jumapili ya Matawi. Baada ya misa Mama Josefina hakugeukia Maisaka. Akasema twende ziwani. Hakuwahi kufika tangu mazishi.

Tulikaa kwenye jiwe, mbali na maji. Mvua ilikuwa imekatika sasa hivi. Ziwa na mbingu rangi moja, huoni pa kuzitenganisha, na mtumbwi mmoja ulikuwa kama umening'inia hewani. Viboko walikuwepo. Masikio, pua, migongo inayong'aa. Mmoja alikuwa na mtoto, mtoto anajaribu kupanda mgongoni kwa mama yake, anateleza, anajaribu tena.

Mama Josefina akacheka. Kicheko kifupi, kilimtoka kabla hajajua. Akaziba mdomo kwa kanga. Kisha machozi. Nilikaa tu karibu naye, bega kwa bega, na aliniachia bega lake.

Tuliporudi aliniambia habari za mumewe, mara ya kwanza. Anaitwa Daudi. Aliogopa kupanda ngazi, hata ya kubadilisha taa. Chai yake tangawizi nyingi. Aliimba sauti ya nne kwenye kwaya na alikuwa akitangulia wenzake kila mara, mwalimu wa kwaya akachoka kumsema. Mbaazi alizipenda zikiwa mbichi, anakula njiani kutoka shambani, anafika nyumbani mifuko imejaa maganda.

Alizungumza mpaka tukafika getini. Jua lilikuwa limetoka kidogo. Akasema niingie, kuna ugali wa jana tuupashe moto.