Yule Faida wa Harusini

Papa Neema,

Nakuandikia mchana, nimeketi mlangoni. Maharage nimeyaanika kwenye turubai na kuku wa jirani ananivizia nisinzie. Mavuno si mabaya. Shamba la chini limezaa kuliko la juu, kama ulivyosema. Neema amerefuka, sasa anavaa viatu vyangu bila kuniomba. Bati lile lililokuwa linavuja bado linavuja.

Hizo ndizo habari za nyumbani. Sasa nikuambie iliyonifanya nishike kalamu. Bado nina wivu. Watu wanadhani mjane kazi yake ni kulia. Mimi nalia, ndiyo, lakini katikati ya kilio wivu unapanda mpaka kooni kama kiungulia, na sina wa kumwambia ila wewe uliyeuleta.

Unajua mwenyewe kwamba hapa Juru, kambini kwetu, hakuna mtu wa kazi moja. Shamba ni la tumbo. Sabuni, chumvi na karo kila mtu anazitafutia kwingine. Mwalimu Riziki akitoka shule ananyoa vichwa. Katekista anachoma matofali. Mimi nafuma vitambaa vya meza. Wewe ulikuwa na mdomo. Siku tano mkulima, mikono imepasuka kama udongo wa kiangazi, halafu Jumamosi unavaa koti la buluu, unapanda baiskeli mpaka Base Camp, penye ofisi za kambi, unatafuta gari la kwenda mjini Mbarara. Huko ulikuwa emsii, mshereheshaji wa harusi za watu, za Wakongomani wenzetu na za Wanyankole, wenyeji wa hapa, waliooa binti zetu. Walikuwa wanakufuata mpaka shambani, na nilijivunia, usidhani sikujivunia.

Lakini Jumapili ulirudi na nini? Ulivua viatu, ukala, ukaniuliza kama mvua ilifika shamba la chini. Basi. Maneno yote yalikuwa yamebaki huko kwenye maturubai na viti vya kukodi. Nilijiambia mwanamume amechoka, koo limekauka. Mpaka siku ya harusi ya Biharwe.

Siku hiyo sikuwahi kukusimulia yote. Shangazi wa bibi harusi alikuwa amenunua vitambaa vyangu, akanialika. Sikukuambia. Nilingoja uondoke, nami nikafuata na gari jingine. Nilikaa nyuma kabisa, pamoja na wanawake wa masufuria, kitenge nimekivuta mpaka kwenye nyusi. Nilitaka tu kukuona ukifanya kazi.

Ukachukua kipaza sauti. Ukasema, "Bandugu na badada, bibi yangu jina lake Faida. Na tangu nimuoe, mimi sijaona hasara!" Watu wakapiga vigelegele. Nilicheka mimi pia, wa kwanza kabisa. Kisha ukaendelea. Ukasema kila asubuhi Faida anakuimbia kabla ya kukupa chai. Ukasema mkigombana anakufungia mlango, halafu anakupitishia ugali dirishani. Ukasema ulimwona mara ya kwanza kisimani, amejitwika ndoo, ukasahau ulikotoka na ulikokuwa unakwenda.

Papa Neema, sisi tulionana kwenye foleni ya mahindi ya msaada. Ulikuwa nyuma yangu, ukanikanyaga. Mimi sijui kuimba, hata kanisani naweka mdomo wazi tu. Na dirisha letu halipitishi hata kikombe.

Mama mmoja kando yangu alijifuta machozi ya kicheko akasema, "Mungu angenipa mume wa hivi!" Nikamtazama. Nikatamani kumwambia, hata mimi.

Siku ya nne, tukipalilia, ndipo nilipokuuliza. Nilisema, "Ni nani huyo anayekuimbia?" Ulisimama, jembe mkononi, ukajua papo hapo. Hukukasirika. Ulisema polepole, "Ule ni wa kazi, Mama Neema. Weye uko wa nyumba."

Wa nyumba. Kama sufuria. Kama ufagio. Sikulisema hilo, nililimeza, nikarudi kwenye mstari wangu nikalima kwa hasira mpaka nikakata mashina mawili ya mahindi.

Na unakumbuka asubuhi niliyojaribu? Nilikuletea chai nikaimba. Ubeti mmoja tu, wa wimbo ule wa kipaimara. Ulinitazama kwa huruma ukasema, "Uko na homa?" Neema alicheka mpaka akapaliwa. Nilicheka nao, kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikakaa kule muda mrefu. Ningekuwa namwonea wivu mwanamke mwenye nyumba yake, ningejua pa kwenda kumtukana. Wangu alikuwa na jina langu, na kila Jumamosi ulimpeleka matembezi.

Kisha tumbo lako likaanza kuvimba.

Hospitalini Mbarara nilidhani sasa utakuwa wangu. Ni vibaya kusema, lakini mbele ya uso wako sifichi: nilipotandika mkeka chini ya kitanda chako, kuna sehemu ndogo ya moyo wangu iliyofurahi. Hakuna harusi hapa, nilijisemea. Kumbe wewe uligeuza wodi kuwa ukumbi. Siku ya tatu tu, wagonjwa wote wanakuita emsii. Na Hajji, yule mfanyabiashara wa magodoro aliyevunjika mguu, kitanda cha jirani, akawa mwenzako wa kupokezana. Wewe sentensi, yeye sentensi. Mimi nakupaka mafuta miguuni, na wewe umegeukia kwake.

Asubuhi ya mwisho uliwachekesha tena, kwa sauti iliyobaki nyembamba kama uzi. Kwangu hukusema hata neno. Nilipokuuliza kama unataka uji, ulitikisa kichwa. Nikachukua shuka zako nikaenda bombani.

Papa Neema, shuka zile zilitakata mapema. Nilizisuuza mara ya pili. Nikazisuuza mara ya tatu. Nilikuwa nakuadhibu. Nilisema, wacha abaki na Hajji wake.

Niliporudi, pazia lilikuwa limevutwa.

Hajji alininyooshea mkono kutoka kitandani mwake. Alisema, "Mama, bwana yako amesema kitu kabla ya..." Nikamkatiza. Nikamwambia mbele ya wauguzi, "Nyamaza, Hajji. Kama ni maneno, yalikuwa yako. Kaa nayo." Mzee wa watu, mguu umening'inizwa juu, akainamisha kichwa.

Nikakuleta Juru bila kujua neno lako la mwisho.

Kwenye matanga walikuja watu nisiowajua, kutoka Mbarara, wengine na watoto waliozaliwa kwenye ndoa ulizozisherehesha. Mama mmoja wa Kamukuzi, mnene, mwenye huruma ya kweli, alinishika mikono yote miwili. "Pole sana, nyabo. Wewe ndiye ile mama ya kuimba? Alikuwa anakutaja mpaka sisi tunasikia wivu. Tuimbie kidogo, umsindikize."

Watu wote wakaningoja.

Ningeweza kusema ukweli. Ulikuwa kwenye ulimi: huyo mnayemtafuta hayupo, hakuwahi kuwepo. Lakini nilitazama zile nyuso, walivyokuja wamevaa vizuri kwa ajili yako, nikashindwa kukuvua nguo mbele ya watu. Nilisema koo limeziba kwa kilio. Ndipo Neema akasimama, akaanza yeye. Sikujua binti yetu ana sauti ile. Mama wa Kamukuzi akalia, akasema, "Ndiyo hiyo! Sauti ya mama yake!" Nami nikamwonea wivu mtoto niliyemzaa.

Nilifikiri mambo yangeishia hapo. Hayakuisha. Byamungu, fundi wa baiskeli, ameichukua kazi yako ya Jumamosi. Siku za wiki mikono yake imejaa grisi, Jumamosi ana tai nyekundu. Amechukua na utani wako wote, mzima mzima. Mwezi uliopita mkewe, Josephine, alinijia hapa mlangoni, amefura. Hakusalimia.

"Mama Neema, Faida ni nani?"

Nikamwambia, "Ni mimi."

"Basi kwa nini bwana wangu anasema ku harusi za batu kwamba bibi yake ni Faida? Kwamba anamuimbia asubui? Mimi niko Josephine!"

Nilicheka, Papa Neema. Mara ya kwanza tangu uondoke. Nilicheka mpaka Josephine akataka kunipiga. Nikamkalisha, nikampa maji, nikamweleza yote, foleni ya mahindi, Biharwe, ugali wa dirishani. Nikamwambia, huyo mwanamke mimi pia namtafuta, nikimkuta nitakuita tumkamate pamoja. Kidogo kidogo akaanza kucheka naye. Kisha akaniuliza, kwa upole sasa, "Na bwana wako, mpaka anakufa, hakukuachia hata neno moja lako mwenyewe?"

Nikasema kuna neno. Liko Mbarara, kwa mtu niliyemnyamazisha.

Josephine alinitazama kama anatazama mtu aliyeacha mtoto sokoni. "Fasi gani? Wapi huko? Leo uko unangoja nini?"

Nilikwenda Alhamisi. Duka la Hajji liko Biharwe, barabara ya Masaka. Magodoro yamepangwa mpaka nje, bado na nailoni zake. Alikuwa ameketi mlangoni, fimbo kando, na aliponiona aliinuka, na ule mguu wake mbovu, kabla sijaomba radhi. Nilianza, "Hajji, siku ile..." Akapunga mkono. "Achana na hiyo, mama. Mtu akichomwa anapiga kelele. Kaa."

Nikakaa juu ya godoro. Aliagiza chai. Kisha akasimulia, na nitakuandikia kama alivyosema, maana niliyarudia maneno yake njia nzima ya kurudi nisipoteze hata moja.

"Ile asubui mimi nilikuwa naongea, naongea tu. Nilikuwa nataka acheke. Sikujua amefika mwisho. Yeye akaweka mkono hivi. Akasema: Hajji, nyamaza kidogo. Bibi yangu anarudi. Nataka nimusikie akingali mbali."

Hajji akatazama barabara.

"Basi tukasikiliza, mimi na yeye. Mguu yako moja inaburuta, mama, sisi wote tulikuwa tunajua. Yeye alikuwa anaijua toka kule kwa ngazi. Kila siku alikuwa anajua. Anasema, huyu ni yeye, na ni wewe kweli. Ile siku watu wakapita, wakapita. Anasema, hapana, si yeye. Mwingine, hapana, si yeye. Halafu akaacha kusema."

Papa Neema.

Tangu nilipoanguka na gunia la mahindi, mguu wangu wa kushoto unachelewa. Nilidhani huuoni. Hukuwahi kuutaja, wala kwangu wala harusini.

Na mimi nilikuwa bombani, nasuuza shuka safi.

Nililia pale dukani, juu ya godoro la mtu, mbele ya wateja. Hajji aliwageuzia watu mgongo, akasimama kati yangu na barabara, akanifanyia kivuli. Ni mtu mwema. Na hata hivyo, sikiliza nikuambie jinsi nilivyo mbaya: nikinywa ile chai, nilimwonea wivu. Yeye ndiye aliyesikiliza pamoja na wewe. Yeye ndiye anayejua uso wako ulivyokuwa kila hatua ilipopita na haikuwa yangu. Mimi nina hayo maneno, lakini yalinijia kwa mdomo wa mwingine, kama kila neno lako zuri.

Sijui kama nimekusamehe. Sijui kama wewe umenisamehe zile shuka. Nimemwambia Byamungu aache jina langu, atumie la mkewe. Anasema Josephine hachekeshi watu kama Faida. Josephine anasema afadhali.

Jua limeanza kushuka na maharage haya yanataka kugeuzwa, kwa hiyo naishia hapa. Lala, mume wangu. Mwinuko ulikozikwa una upepo mzuri, na ziwa linaonekana.

Ninakuahidi hili: Jumapili nitakuja. Sitakuja na Neema, wala katekista, wala wanawake wa kikundi wanaopenda kunisindikiza. Nitakuja peke yangu na mfuko wa kufuma, nikae kando yako mpaka mchana uishe. Sina haja unisimulie chochote. Na nikikuta mtu mwingine ameketi hapo anakuzungumzisha, nitasimama pembeni nimngoje aondoke.

Faida