Altaneta ya Mbio

Kaka, afadhali umepokea simu! Nimekwisha!

Tumetoka kufunga ndoa, gari limezima katikati ya msafara, mke wangu akiwa ndani!

Si ulikuwepo nikichagua altaneta ya kuchaji betri ya gari hili? Muuzaji alisema hii kubwa inachaji vizuri ukikimbia, ile ndogo inachaji hata ukitambaa. Nikamjibu, mimi sitambai. SITAMBAI! Na wewe ukacheka.

Sasa msafara wa harusi unaendaje? Unatambaa! Spika zote zinanguruma, taa zinawaka, betri inanyonywa tu. Muziki ukaanza kukoroma kama mgonjwa, halafu kimya.

Baba mkwe akashuka gari la nyuma. Hakufoka. Afadhali angefoka! Akamwambia binti yake, "Mama, njoo twende." Mimi akaniambia, "Wewe utatukuta."

Utatukuta, kaka! Kwenye harusi yangu!

Nimebaki na shangazi wa mke wangu, kavua viatu tunasukuma. Toka huko ukumbini uje na nyaya za kubusti betri. Mlango nauona kabisa kutoka hapa.

Subiri. Huyo mshereheshaji anasemaje? "Simameni, maharusi wanaingia"?

Maharusi gani? Mzuie, kaka! Mimi bado nasukuma!