Neno Lako la Mwisho Sikulishika

Mama,

Asalaam aleikum huko uliko. Arubaini yako imekwisha, wageni wameondoka, mikeka imekunjwa, nami nimerudi kazini. Nimechoka, mama. Nimechoka hata kulia kwenyewe kumekuwa kazi.

Shughuli yangu ni ile ile, kuwabandika watu nyaya kichwani na kutazama mawimbi ya ubongo wao yakipita kwenye kioo cha mashine. Na wagonjwa ni wale wale. Nawaambia waje na nywele zisizo na mafuta ili nyaya zishike. Wao waja waking'ara mafuta ya nazi hadi shingoni, wengine na asumini juu yake. Ulikuwa ukiwatetea: "Mtu aende spitali kichwa kikavu kama kumbi la nazi? Huoni aibu?" Leo asubuhi nilimwosha kichwa bibi mmoja wa Tononoka, nikakukumbuka.

Lakini neno lako moja silikumbuki, na ndilo linalonitafuna. Siku uliyotutoka, adhuhuri, uliniita karibu ukaninong'oneza. Midomo yako naiona. Neno lenyewe silipati. Nilikuwa nimekesha nawe mno, na kazi yangu yanieleza yaliyonipata: mtu akilala fofofo, mawimbi ya ubongo huwa makubwa na ya polepole, na hapo ndipo mambo ya mchana yanapotiwa mahali pake yakae. Asiyelala, mengi humpita tu. Nayajua hayo, na bado tangu uondoke nauogopa usingizi. Naona nikilala nitaamka umenipungua tena kidogo.

Jana nilimwuliza mama mdogo Rukia, maana siku ile alikuwa ameketi miguuni pako. Alinitazama, akacheka, kisha akajifuta machozi kwa ncha ya leso. "Wewe! Alikwambia enda kalale, mwanangu, mato yamekuwa mekundu. Ukamwitikia 'haya', ukabaki pale pale."

Kumbe ni hilo tu. Mimi nilitaraji wasia! Nililia, halafu nikacheka nami, kwa kuwa ndivyo ulivyokuwa, roho yatoka nawe washughulika na macho ya mtu mwingine.

Kwaheri, mama yangu. Mungu akulaze pema. Leo sina zamu tena, na alasiri nimeshaswali. Nafunga dirisha sasa hivi. Ile 'haya' niliyokuitikia nikabaki, leo naitimiza, na nakuahidi kesho pia. Naenda kulala, mama.

Mwanao,
Mwanaisha