Jumamosi Gichovi Aliposhika Maiki Tena

Karatina,
Kaunti ya Nyeri.
9 Juni 2025

Mpendwa Tata Karambu,

Nakusalimu kwa upendo mwingi kutoka huku kwenye baridi. Natumaini goti lako limepata nafuu na kwamba huko Calgary jua sasa linawafikia. Sisi tu wazima. Mama anakohoa kidogo kwa sababu ya ukungu wa asubuhi, lakini ukimwambia apumzike anakuuliza ni nani atakayekamua ng'ombe. Viazi vimekubali mwaka huu. Mlima hatujauona wiki nzima, umejifunika.

Uliniuliza watu wa huku wameipokeaje ile sinema ya tatu, ya mwisho, ya Watunza Moto, ambayo wewe umeshaiona huko kwenye ukumbi wa viti laini. Nilianza kukujibu kwa simu nikafuta. Nikaanza tena, nikafuta. Jambo lenyewe halikutosha mle, ndiyo maana nimechukua kalamu.

Kwanza ujue kwamba sisi hatukuiona sinema uliyoiona wewe. Theuri, mwenye ule ukumbi wa nyuma ya soko uliokuwa zamani ghala la viazi, hupunguza sauti ya Kiingereza hadi iwe kama mnong'ono, kisha mtu hushika maiki na kuisimulia kwa Kiswahili. Sehemu mbili za kwanza zilisimuliwa na kaka yangu Gichovi, kabla hajapelekwa kaskazini na kazi yake ya polisi. Yeye ndiye aliyempa yule kijana mbeba moto jina la Wahome. Ndiye aliyeamua kwamba mlima wa theluji ni Kirinyaga wetu huu, kwamba jeshi la giza linatokea ng'ambo ya Doldol, na kwamba nyumbani kwa Wahome ni Wamagana. Soko lilipochomwa katika sehemu ya pili, wauza vitunguu walisimama wakapiga kelele kwamba hilo ni soko la Karatina na kwamba msaliti wanamjua. Wapo watu hapa watakaokuapia kwamba sinema hiyo ilipigwa picha huku Tetu.

Gichovi wa sasa unamjua kwa habari tu, Tata, na wewe, shangazi yetu, ndiwe uliyemlea yeye wakati Mama alipokuwa chuoni. Mwaka jana, gari lao liliposhambuliwa na mwenzake akauawa, alirudi nyumbani kama mtu aliyeacha sauti yake njiani. Ukimuuliza, anajibu ndiyo au hapana. Hatukuwahi kusikia ilivyokuwa. Hata jina la huyo mwenzake hatukulijua. Mama alikuwa akiomba kila jioni mwanawe azungumze, na mimi nilikuwa nimeanza kuogopa kwamba hatazungumza tena.

Kwa sehemu hii ya tatu, Theuri alimleta msimulizi kutoka mjini Nyeri. Watu walimkataa kabla nusu saa haijaisha. Shiro, yule mama wa karoti mwenye mdomo, alimwambia, "Wewe kijana, hiyo ni vita, si mpira! Unatangazia nani magoli?" Ndipo Theuri akaja kwetu, akasimama uani na kofia mkononi, akamwomba Gichovi. Gichovi akaendelea kupalilia sukuma. Lakini Jumamosi baada ya chakula cha mchana nilimwona akivaa jaketi lake, nikamfuata.

Ukumbi ulikuwa umejaa hadi watu wakakalia magunia. Alipochukua maiki, wakapiga makofi, na Shiro akaita, "Afande amerudi! Sasa Wahome atafika nyumbani!" Sauti ilimtoka kwa shida, kavu, kama bawaba ya lango lisilofunguliwa siku nyingi. Kisha ikalainika. Nikamsikia kaka yangu. Tata, nililia gizani, nikafurahi kwamba hakuna anayeniona.

Ile vita ya bondeni unaikumbuka. Hapa watu walipigana vita hiyo wenyewe. Farasi wa malkia alipoanguka, mtu wa nyuma yangu alishika kichwa na kusema, "Ati ameanguka? Simama, mama! Simama, tuko na wewe!" Na Wahome alipofika kileleni na kuuwasha moto, theluji yote ikawa ya dhahabu. Cucu Wakiuru, bibi aliye mzee kuliko wote mle ndani, alijitemea mate kifuani kama wazee wanavyobariki, akaielekeza mikono yake miwili kwenye kitambaa cha sinema. Wanawake wengine wakafanya vivyo hivyo. Mimi niliyesoma vitabu vingi kuhusu sanaa nilibaki nikiwatazama. Sijui kama waliotengeneza sinema hiyo watawahi kujua kwamba ilibarikiwa.

Sasa nikueleze lililonifanya niandike.

Unaikumbuka ile sehemu Wahome anaporudi kijijini na upanga wa rafiki yake aliyekufa, akasimama mbele ya mlango wa mama wa yule rafiki? Ametugeuzia mgongo. Hakuna neno hata moja pale, ni muziki tu, kwa muda mrefu. Gichovi naye akanyamaza. Tulidhani mitambo imeharibika. Theuri akaigonga spika. Shiro akasema, "Theuri, hiyo kitu yako imekufa tena?"

Ndipo Gichovi akaongea, polepole, macho yakiwa kwenye ule mlango.

"Mama, mimi ndiye niliyepaswa kukaa pale. Nilikuwa na homa. Aliniambia nihamie ndani, upepo usinipige, yeye atakaa dirishani. Nilikubali, Mama. Nilikuwa nimelala gari lilipopigwa."

Gari, Tata. Katika sinema hiyo hakuna gari hata moja. Watu wanapanda farasi na kutembea kwa miguu. Na ule ni ukumbi unaocheka kila kitu. Msimulizi akikosea jina tu, hazomewi na mmoja, huzomewa na benchi zima. Nilingoja kicheko cha kwanza.

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyegeuka kumtazama. Nyuso zote zilibaki kwenye kitambaa, kana kwamba watu wote wale walikuwa wamekubaliana wasimwaibishe. Mlango wa kwenye sinema ukafunguka, yule mama mzee akatokea, na kabla Gichovi hajamtafutia maneno, Shiro akajibu kwa niaba ya mama huyo kutoka gizani, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Ingia, mtoto wangu. Ingia ndani, chai iko."

Cucu Wakiuru naye akasema, "Ingia." Kisha mwingine, na mwingine, hadi nyuma kwenye magunia, wanaume kwa wanawake. Ingia. Ingia. Wahome akainama, akaingia. Gichovi aliweka maiki kwenye magoti yake, akalia, na sinema ikaenda hadi mwisho kwa Kiingereza chake cha chini ambacho wengi wao hawakukielewa, na hakuna aliyelalamika.

Kwa kawaida watu hukimbilia mlango majina yakianza kupita. Safari hii walikaa hadi yakaisha. Wakatoka mmoja mmoja, kila mmoja akimshika Gichovi mkono. Nje ndipo kelele ziliporudi. Vijana wakabishana kama malkia alistahili kukiacha kiti chake, na Cucu Wakiuru akawakatiza, akasema kiti ni mbao, watu wajifunze kuinuka. Wengine wanasema haijapata kutokea sinema kama hiyo. Mwanamume mmoja wa Wamagana ameshaiona mara ya pili, na analalamika kwamba ile sehemu ya mlangoni imekatwa, eti yale maneno hayamo.

Kesho yake, Jumapili asubuhi, kabla ya kwenda kanisani, Gichovi alimwambia Mama, "Muombee Jackton Oloo." Hivyo tu. Mama akaweka kikombe chini. Tulikuwa tumekaa na huyo marehemu nyumbani mwetu karibu mwaka mzima bila kumjua jina. Akatueleza mengine taratibu: kwamba Oloo alikuwa mwimbaji mbaya sana asiyekubali kunyamaza, kwamba kwao ni Siaya, kwamba mama yake anaitwa Phelister na yeye Gichovi hajawahi kuonana naye.

Wanakwenda Siaya wiki ijayo, yeye na Mama. Mama amesema mtoto haendi msibani peke yake hata msiba ukiwa wa zamani.

Jana jioni alinijia jikoni, akaniuliza, "Ivy, nikifika pale mlangoni nitasema nini?" Mama ndiye aliyejibu, mikono yake ikiwa kwenye unga.

"Piga hodi," alisema. "Hiyo ndiyo kazi yako. Kufungua ni kwa mama yake."

Wasalimie Mjomba Kathurima na watoto, na umwambie Anita nimezipokea picha zake. Mama anakusalimu, Gichovi pia, kwa kinywa chake mwenyewe. Mungu akulinde huko ugenini, na akufungulie kila mlango utakaosimama mbele yake.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Ivy