Baka Jeupe la Mtoto wa Vidala

Cañuelas, 12 Aprili

Kwa kaka yangu Lautaro,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba kile kikohozi cha vumbi la majani makavu kimekuacha. Sisi hapa hatujambo kiafya. Mama anakusalimu sana. Mgongo unamsumbua asubuhi tu. Baba hakusalimu, na sitakudanganya kwamba amefanya hivyo.

Nimewakasirikia ninyi wawili, kwa hiyo usishangae ukali wangu. Ile Jumapili ya nyama choma bado inasimuliwa hapa kama mchezo wa kuigiza. Wanarudia jinsi Baba alivyosimama na kisu mkononi mbele ya Don Anselmo, mwenye shamba, na watunza farasi wote, akasema kwamba mtoto wa farasi aliyeletwa kutoka maabara yenu si nakala iliyotengenezwa kwa seli za farasi wetu Vidala hata kidogo. Vidala ana mstari mweupe ulionyooka toka kwenye paji la uso hadi puani. Huyu ana baka juu ya jicho la kushoto, kama maziwa yaliyomwagika. Akasema kwamba anayezalisha farasi huko ni mwanawe mwenyewe, na kwamba mwanawe huyo ama ni mzembe ama ni mwizi. Nawe ukamjibu kwamba anazijua sura za farasi kuliko za wanawe, ukaondoka bila kumuaga Mama, naye alikuwa amekuwekea fungu lako la mbavu za kuchoma kwenye kitambaa. Hilo la Mama sijakusamehe.

Tangu hapo hakuna amani. Chano, yule anayelala kwenye chumba cha nyuma ya zizi, amembandika mtoto wa farasi jina la Kaokotwa. Nikipita ananiuliza, "Eti, mdogo wangu, kaka yako hakukubadilisha wewe pia hospitalini?" Wenzake wanacheka, na Baba hawakemei. Mezani mtu akitaja jina lako, Baba anaomba chumvi.

Nilimuuliza mwalimu wetu wa biolojia, Bi Etcheverry, kama farasi wawili wenye jeni zilezile wanaweza kuwa na nyuso tofauti. Alifurahi, akaacha somo la siku hiyo. Alitueleza kwamba seli zinazotia manyoya rangi huanzia mgongoni mwa kijusi, kisha husafiri kuelekea usoni na miguuni huku zikigawanyika. Nyingine huchelewa, nyingine hufa njiani, na zisipofika hubaki weupe. Alisema pia kwamba ndani ya seli jeni huwashwa na kuzimwa, mara nyingine kwa bahati tu, na kwamba seli ikigawanyika huweza kuzirithisha seli zinazotokana nayo hali hiyo, ingawa jeni zenyewe hazijabadilika hata herufi moja. Akatuambia tutazame viganja vyetu, cha kulia na cha kushoto: mwili mmoja, mistari tofauti.

Jioni nilimwomba Baba anyooshe viganja vyake juu ya meza. Akavificha. Akasema kwamba yeye si farasi wa kukaguliwa, na kwamba huyo mwalimu aje kwanza amwoneshe farasi mmoja aliyewahi kumpiga brashi. Akaapa kwamba maisha yake yote hajawahi kukosea farasi kwa uso. Mama, bila kuinua macho kwenye sahani, akamuuliza, "Na watoto je, mzee?" Baba akasukuma chakula akatoka.

Najua maabara walikusimamisha, wakapima jeni, wakakuondolea lawama, na umerudi kazini. Najua pia unaamini kwamba Baba hakubali, maana alimwambia kila mtu kwamba maabara haiwezi kujishtaki yenyewe. Sasa nakuambia jambo nililokatazwa kulisema, na kwa barua hii navunja ahadi niliyompa Baba.

Alipima tena. Aling'oa nywele za Vidala na za mtoto kwa mkono wake mwenyewe, akampa daktari wa mifugo wa mjini, mtu asiyehusiana na maabara yenu. Daktari alipiga simu tukiwa tunamwosha Vidala. Mikono ya Baba ilikuwa na povu, kwa hiyo nilimshikia simu nami nikasikia yote. Ni nakala halali. Hukubadilisha kitu. Baba akasema, "Sawa, daktari," akaendelea kusugua mguu uleule mpaka Vidala akaanza kurusha teke. Kisha akaniambia nisimwambie mtu.

Basi anajua, Lautaro, na bado anakusema vibaya mbele ya watu. Ndiyo maana nimemkasirikia kuliko nilivyokukasirikia wewe. Lakini Jumamosi ijayo mtoto wa Vidala anaachishwa ziwa, na kazi hiyo inahitaji watu wawili: mmoja wa kumtoa jike aliyembeba tumboni na anayemnyonyesha, mwingine wa kubaki na mtoto akilia. Chano alijitolea. Baba akamwambia hapana, ana mtu wake. Mpwa wa Don Anselmo naye akaomba, akajibiwa vilevile. Nimewapitia watu wote wa shamba hili kichwani, na huyo mtu hayumo humu.

Kazi inaanza alfajiri. Ukija, pitia jikoni kwa Mama kwanza.

Mama ananiuliza naandika nini. Nimemwambia ni kazi ya shule. Wasalimie wenzako wote huko. Nakuombea afya, na safari njema.

Ni mimi mdogo wako, mwenye hasira bado,
Brisa Ibarrola