Kifungo cha Marijani

Ulaanbaatar, 3 Desemba 1989

Mama mpenzi,

Nisamehe kwa kukaa kimya hivi. Mtoto mdogo anaota meno, mimi nasinzia nimesimama. Mifugo imeingiaje majira ya baridi? Miguu yako je?

Nimemchora babu kwa rangi ya maji, kutoka ile picha isiyo na rangi uliyoishonea ndani ya mto: joho la sherehe, kofia ya utawala yenye kifungo juu, unyoya wa tausi. Nakutumia nakala ndogo. Ilikuwa iingie kwenye maonyesho ya chama chetu cha wachoraji, lakini mkuu wetu kaiona, kacheka: “Dada Nyamsuren, mtawala wako kavaa kama jogoo! Mng'oe manyoya, tumwite Mfugaji Mzee.”

Nikamwambia, “Ndugu mkuu, ng'oa kwanza medali zako.”

Kanipa mpaka mwezi ujao.

Binti yako

Uliastai, 29 Desemba

Mwanangu,

Nanusa vipaji vya nyuso vya wajukuu kutoka huku, ndilo busu la bibi. Mifugo imenenepa, miguu ndiyo hiyo hiyo.

Kubali. Una watoto. Babu yako, watu wa serikali walimchukua asirudi tena kwa sababu ya kofia hiyo, na sisi tukachoma hata mkanda wake. Mwite mfugaji, mwite mpishi, yaishe.

Lakini kile kifungo cha juu ya kofia, nani kakwambia ni cha buluu? Buluu walivaa makarani wake! Chake kilikuwa marijani, chekundu kama ulimi. Umemshusha cheo mbele za watu.

Mama yako

Ulaanbaatar, 20 Januari 1990

Mama,

U mzima? Nimecheka mpaka mtoto kaamka. Unaniambia nimfanye mpishi, halafu unanigombeza kwa kumfanya karani!

Rangi ya maji haifutiki, kwa hiyo nimeanza karatasi mpya. Mkuu kasema mfugaji, au nje ya maonyesho. Nimechagua nje. Nitamtundika mlangoni petu, mchana kweupe, kila mpangaji ampite. Usinikataze, mama. Nakupenda, ila hapo sirudi nyuma.

Ninachohitaji bado: maziwa ya mgando yaliyokaushwa, mkubwa anayalilia, soksi za manyoya ya ngamia, joho lilikuwa rangi gani, na jina la babu, la kuandika chini ya picha. Vitambulisho vyako vina jina la baba la kuazima, na mdomoni mwako ni “yule marehemu” tu. Najua kwetu mzazi hatajwi kwa jina. Basi usilitamke. Liandike.

Binti yako